Nyumba ya Kunong'ona

Mwalimu wa chekechea alikuwa hajamaliza kupiga hodi mlango ulipofunguliwa na mtoto mwenyewe, kidole mdomoni. Mtoto alimwonyesha buti kubwa nyeusi zilizopangwa kando ya mlango, akamwonyesha na chumba kilichofungwa, kisha akarudi kwenye vizibo vyake vya soda akitembea kwa ncha za vidole.

"Baba yake amelala," mama mtu alinong'ona akiinua pasi. "Ametoka lindo alfajiri. Karibu ukae, mwalimu, ila tusimwamshe."

Mwalimu alivua viatu, akajibanza kwenye stuli katikati ya marundo ya nguo za watu, maana mama huyu alikula kwa kufua na kupiga pasi. Kunong'ona kulimpa taabu. Sauti yake ilikuwa ya kuita watoto uwanjani, si ya kubembeleza usingizi wa mume wa mtu.

"Mama Kipaka," alianza. Kipaka ni jina ambalo watoto wenzake walimpa binti huyo kwa ule mwendo wake. "Nimekuja kwa lile tulilozungumza. Tangu aje kwangu hajatoa neno. Wenzake wakiimba anaziba masikio. Nikimwita hageuki. Kazi yake kupanga vizibo, anapanga, anapangua."

"Hata hapa nyumbani hasemi," mama alisema. "Na alikuwa kasuku, mwalimu! Kule tulikotoka, walimjua kwa domo. Tulipofika hapa maneno yakaanza kupungua. Sasa hata 'mama' silisikii."

Aliyasema hayo bila kuinua macho kutoka kwenye kola ya shati. Mwalimu akamwonea huruma kweli kweli.

"Mimi si daktari. Siwezi kusema ni usonji au siyo. Lakini kliniki wapo wataalamu wa kumpima, tena wapole. Mpeleke, dada yangu. Mficha uchi hazai."

Pasi ilisimama. Ikaanza tena.

"Wanauliza nini huko?"

"Mambo ya kawaida. Analalaje, anacheza na nani, nyumbani mko wangapi. Wanapenda kuwaona wazazi wote wawili."

"Wote wawili," mama alirudia. Akageuza shati. "Baba yake hataki. Anasema mtoto atapachikwa jina, limfuate mpaka aolewe."

"Basi acha niongee naye mimi. Nitangoja aamke."

"Haamki mapema."

Mwalimu aliminya kicheko kwenye kiganja. "Huyu shemeji yetu ni popo jamani! Mtaa mzima tunamjua kwa buti na kwa sare iliyoanikwa kambani."

Ni kweli. Kila Jumamosi mama huyo aliifua sare ya mumewe uani, mbele ya majirani, akaisugua na kuisuuza, na povu lilibaki jeupe mpaka mwisho. Wanawake walimsifu kwa kutunza mume. Walimsifu wakiwa mbali, maana kwake walishaacha kwenda. Utapigaje soga mahali ambapo hata kucheka ni kosa? Mwalimu alitazama kile chumba, redio iliyofunikwa kitambaa, mtoto akiweka kizibo juu ya kanga iliyokunjwa ili kisilie, akahisi upweke wa mle ndani ukimkaa kifuani. Hawa wawili walikuwa wakiishi kama wageni kwa mtu mkali.

"Nenda kamwombe tena," alisema. Moyoni alishamkasirikia huyo mlinzi. "Mwambie mwalimu yupo hapa na hatoki bila jibu. Anayeumia ni mtoto."

Mama alizima pasi. Alisimama kidogo mbele ya mlango wa chumbani, akiifuta mikono iliyokuwa mikavu, ndipo akaingia na kuurudishia.

Mwalimu aliusikia mnong'ono wake. Mwanamke aliomba, akanyamaza, akaomba tena. Mara moja alisikia kama kwikwi. Mumewe hakuinua sauti, na hilo lilikuwa jema. Mtoto aliacha vizibo vyake, akautazama mlango ule bila kupepesa.

Mama alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini mabega yameshuka, amekuwa mwepesi.

"Amekubali," alisema. "Nitampeleka Jumatatu. Tutakwenda sisi wawili tu, mimi na mwanangu. Watatuelewa?"

"Watawaelewa sana."

"Ahsante, mwalimu. Ngoja nikuletee maji ya kunywa."

Alitoka kwenda uani. Mwalimu alishusha pumzi. Binti naye alianza kukusanya vizibo vyake, kimoja kimoja, akivibeba kwa ncha za vidole mpaka kando ya mlango na kuvididimiza ndani ya buti moja. Buti ilikuwa imejaa vizibo mpaka shingoni.

Mwalimu alitabasamu. "Wewe Kipaka," alinong'ona, kwa mazoea tu, bila kutarajia jibu, "jioni baba atavaa nini aende kazini?"

Mtoto aligeuka. Alichungulia uani, akaona mama yake bado anasuuza glasi. Akaja mpaka sikioni mwa mwalimu, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya kitu kilichofungiwa muda mrefu.

"Humo chumbani hamna mtu," alisema. "Usimwambie mama."