Udongo Uliobaki

Kuyili alikuwa ameshafukia zaidi ya nusu ya shimo mama mkwe wake aliposhuka kwenye bajaji. Jua lilikuwa halijakolea, lakini blauzi yake ilikuwa imelowa jasho, na mabuti ya mvua aliyovaa yalikuwa yametapakaa tope.

"Si nilisema mnisubiri?" Bibi Alamelu aling'aka. "Nilitaka nione tangu koleo la kwanza!"

"Nisamehe, mama. Jua la huku kali, nikaona niwahi."

"Na mumeo yuko wapi?"

"Alikuja jana jioni, akalitazama shimo, tukagombana. Akasema kama mama anataka kutupa pesa ziwani, shauri yake. Kaenda kwa yule rafiki yake anayefuga kamba."

Alamelu alisonya. Ilango, mwanawe wa pekee, alizitaka pesa za mashamba ya mpunga ya marehemu baba yake akaanzishe ufugaji wa kamba. Kuyili alitaka nyumba hii. Pesa alikuwa nazo Alamelu, na kwa kuwa hakumwamini sana yeyote kati yao, aliamua kuuachia udongo.

Kwao, kabla ya kununua nyumba, huchimbwa shimo uani, likalala wazi usiku mmoja, kisha likafukiwa kwa udongo wake lenyewe. Udongo ukipungua, nyumba hiyo itameza mali na watu. Ukibaki, ina neema. Wengi huchimba shimo dogo la dhiraa moja, lakini Alamelu hakuwa wa kudanganywa na kifusi kilicholetwa na malori. "Chimbeni mpaka mlifikie tope la ziwa lenyewe," alikuwa amesema, na mtambo wa kampuni inayouza nyumba ukachimba hadi kina cha kifua cha mtu.

Maana mtaa huu mpya nje ya Chennai uliitwa Bustani ya Ziwa, na ziwa lenyewe lilikuwa limefukiwa chini yake. Nyumba zilijipanga tupu, vioo vikiwa bado na karatasi za dukani. Katikati ya barabara ya lami yangeyange wawili walisimama wakichungulia chini, wakingoja samaki. Alamelu alipaogopa mahali hapa tangu siku ya kwanza, na leo aliogopa zaidi.

Dinakar, muuzaji wa kampuni, alikuwa ameegemea ukuta akijifuta shingo.

"Mama, haya ni mambo ya kizamani. Twende ndani nikuonyeshe jiko."

"Jiko halikimbii. Niambie, waliopima kabla yangu walipata nini?"

"Aa, wengine udongo uliwapungukia kidogo."

"Wengine wangapi?"

Dinakar akatazama viatu vyake. "Wote, mama."

Alamelu alimtazama mkwewe akiinama na kuinuka na koleo, na bangili zilipoteleza akaiona tena ile alama ya vidole mkononi, imegeuka kijani. Ilango alikuwa mwepesi wa mkono akishalewa. Alamelu aliijua alama hiyo tangu ilipokuwa nyekundu, na alichomwambia msichana ni avumilie tu, wanaume wote ndivyo walivyo. Asubuhi hii aliona haya. Ndiyo maana alipitia sokoni.

"Nimekuletea asumini. Njoo nikuvishe nyweleni."

"Weka tu hapo ukutani, mama. Mikono yangu michafu."

"Kwani nimesema nakuvisha mikononi?"

Dinakar alicheka. Kuyili hakucheka, akageuka akaendelea kufukia.

Shimo likajaa. Kuyili akalishindilia kwa mgongo wa koleo, akaongeza udongo, akashindilia tena kwa nguvu, mpaka pakawa sawa na ua. Kando bado palikuwa na lundo la kujaza toroli zima.

Dinakar alipaza sauti. "Haijawahi kutokea! Tangu tuanze kuuza hapa, mama, haijawahi!"

Alamelu alilia palepale bila kujificha. Hofu yote ilimtoka. "Imetukubali," alisema. "Tunanunua. Na Ilango akirudi, atanikuta mimi naishi humu humu ndani. Akuinulie mkono tena mbele yangu, nione."

"Ndiyo, mama," Kuyili alisema taratibu.

Ikabaki kumwaga maziwa ya kuishukuru ardhi, aliyokuja nayo chunguni. Alamelu alivua ndala, akakanyaga pale palipofukiwa, udongo ukiwa bado laini. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vitupu miaka mingi sasa. Pete zake za ndoa, za fedha, alizivua siku aliyofiwa na mumewe, maana kwao mke hazivui mume akiwa hai. Hata miguu ilipovimba akiwa mjamzito na mkunga akaja na koleo dogo la kuzikatia, alimfukuza. Kuyili zake alivishwa na Ilango siku ya harusi, mguu ukiwa juu ya jiwe la kusagia. Msichana huyu wa mjini alibishana na mama mkwe wake kwa kila jambo la mila, ila hilo hakuligusa kamwe.

"Njoo tumwage pamoja," Alamelu alimwita.

"Mwaga tu, mama. Mimi nitasimama hapa."

"Nyumba ni yako wewe! Vua hayo mabuti uje."

"Miguu ina matope."

"Ardhi inaona kinyaa matope? Vua, mwanangu."

Kuyili alilaza koleo chini. Kisha akainama akavua mabuti, moja baada ya jingine, akaja kusimama karibu naye.

Alamelu akainamisha chungu, macho yakafuata maziwa mpaka chini. Kwenye kidole cha pili cha kila mguu wa Kuyili palikuwa na mstari mweupe wa ngozi, na pete hazikuwapo.