Miwani ya Tausi

"Daktari, mwambie ukweli mke wangu," Shomari alisema. "Kuna watu wamepigwa hiyo leza ya macho, leo wanatembea kwa kupapasa."

"Hao ni wachache sana," daktari akajibu. "Ila macho yanaweza kukauka, na usiku akaona taa zimetawanyika. Faida yake, ataachana na miwani."

"Umesikia, Mama Zulfa? Kwani miwani ina ubaya gani?"

Tausi akamgeukia daktari. "Tukigombana, huyu bwana ananivua miwani anaificha. Nabaki napapasa kuta mpaka niombe msamaha. Juzi nimeliomba msamaha pazia, nikidhani ni yeye."

Nesi aliyesimama kando ya daktari alicheka, halafu akaona aibu.

"Unanidhalilisha mbele za watu?" Shomari akafoka.

"Afadhali hata pazia. Lilinisikiliza. Daktari, nipige hiyo leza leo hii."

Shomari akanyoosha mkono, akamchomoa miwani usoni. "Haya, twende nyumbani sasa."

Tausi hakuifuata. Alinyoosha mkono wake hewani. "Nesi, nishike. Chumba cha leza kiko wapi?"

Nesi akamshika, wakaondoka taratibu. Shomari akabaki katikati ya chumba na miwani mkononi, akitazama huku na huku, asione pa kuificha.