Ncha ya Mkate

Foleni ya mkate wa bure ilizunguka kanisa moja la mji wa Tampere. Aune alisimama kando yake kwenye theluji, kama mtu anayesubiri basi. Kabati lake la chakula nyumbani halikuwa na kitu tangu juzi.

"Bibi, karibu ndani," aliita msichana mgawaji, mlangoni.

"Sikuja kuomba mimi! Nimelipa kodi tangu usichana wangu. Kunitunza ni kazi ya serikali, siyo sadaka zenu."

"Na sisi hatukulipa?" mtu akamtania kutoka kwenye foleni.

Msichana akacheka. "Hata mimi nasema hivyo hivyo, bibi. Ila leo serikali haijafika, mikate imefika." Akavua aproni yake, akampa. "Na mkataji wetu anaumwa. Nisaidie."

Kusaidia si kuomba. Aune akaifunga aproni, akashika kisu. Mkate mweusi ulikuwa bado na joto.

"Hizi ncha mnazitupa?" aliuliza bila kuinua macho.

"Hatutupi. Ncha ni ya mkataji."

Aune akaweka kisu mwishoni kabisa mwa mkate, ili akate kipande chembamba cha kuonja tu.

Msichana akamshika mkono polepole, akakisogeza kisu mpaka katikati ya mkate.