Ukuta wa Joto

Siku hizo kila nyumba ya Lushoto ilikuwa na sauti. Ilitoka kwenye breka, kile kifaa cha kukata umeme hitilafu inapotokea, na sheria iliitaka iseme kila jioni: "Nyumba iko salama."

Breka ya kwa Mwajabu ilipokufa, mumewe, Shekiondo, alinunua nyingine gulioni. Sauti yake ilikuwa laini, kama ya mtu anayebembeleza mtoto, wala haikukata umeme hata mara moja. Baridi ilipoingia na ukungu kujaa uani, ukuta wa sebuleni ukaanza kutoa joto. Binti yao, Nakijwa, akahamishia mkeka wake pale, akawa analala akitabasamu.

Jioni moja Mwajabu aliugusa ukuta ule, akaondoa mkono haraka. Rangi ilikuwa imelainika kama siagi.

"Nyumba iko salama," ilisema sauti.

Alimnyanyua mtoto, akazima swichi kuu. Shekiondo akaifungua breka. Ndani hamkuwa na chochote cha kukata umeme. Palikuwa na spika ndogo tu, na nyaya zilizoungua.

"Tumelala na moto, mama Nakijwa," alinong'ona. "Na mtaa mzima tulinunua kwa muuzaji yuleyule."

Mwajabu alitoka mbio, mtoto mgongoni. Bondeni taa za majirani zilielea ndani ya ukungu, zimetulia. Akagonga mlango wa kwanza.

Jirani yake, Bi Mashaka, alifungua huku akipiga miayo.

"Karibu ndani, mwanangu," alisema. "Kwetu hakuna baridi kabisa."