Nyumba Isiyotulia

Kazini, Dakta Kokubanza alipima mawingu ya maada ya giza, ile isiyoonekana inayozishika galaksi, katika ulimwengu ulioigwa kwenye kompyuta. Wingu ambalo kiini chake kiko mbali na kitovu cha uzito lilihesabiwa kuwa halijatulia. Sasa serikali ilizipima familia vivyo hivyo, kwa mashine iliyopima mtoto yuko mbali kiasi gani na kitovu cha nyumba, na zisizotulia zilinyang'anywa watoto.

Afisa wa ustawi alikuja kumchukua Kemilembe, binti wa marehemu dada yake Kokubanza.

"Dakta, nyumba yako haijatulia."

"Itatuliaje, mtoto kafiwa juzi?" alifoka. "Hata wingu likimeza jingine hutikisika! Lipeni muda!"

"Mashine haipimi muda."

Kokubanza alimsukuma nje, akaubamiza mlango. Alipogeuka, alimwona Kemilembe amekaa katikati kabisa ya sebule, amebana pumzi.

"Mama mdogo," alinong'ona, "hivi nimetulia?"