Kifuniko Wazi

Kifuniko cha kikombe cha bia cha marehemu kilikuwa wazi tena, na Korbinian alikuwa amekifunga mara mbili kwa mkono wake mwenyewe.

Walikuwa marafiki watatu mezani, ndani ya hema la bia la tamasha la kila mwaka, adhuhuri ya jua kali. Kikombe hicho cha nne walikiweka kitupu, kwa kumkumbuka tu mwenzao. Mwaka jana marehemu huyo alilewa, na zamu ya kumfikisha stesheni ilikuwa ya Korbinian. Korbinian alimwacha ukingoni mwa mto apate hewa, akarudi kunywa.

"Nani anachezea hiki kifuniko?"

"Si wewe uliyekaa nacho, bwana?"

Akakifunga, akakikandamiza kwa dole gumba. Bati la kifuniko lilikuwa la baridi. Likaanza kumsukuma kutoka chini, polepole, mpaka likafunguka.

Mhudumu akapita, akakichukua.

"Acha hicho, dada. Hakina mtu."

"Kiko wazi. Kikiwa wazi, mwenyewe anataka bia nyingine."

Akarudi nacho kimejaa povu, akakitua mbele ya Korbinian.

"Na mwenzenu yule aliyelowa chapachapa yuko mlangoni," alisema. "Anauliza zamu ya nani kumsindikiza."