Madume Wawili Machinjioni

Ng'ombe dume wawili wa umri mmoja walining'inia machinjioni, wamekwisha kuchunwa. Yule wa kienyeji alikuwa mdogo, mbavu zinahesabika. Yule wa kisasa alikaribia kugusa sakafu. Mapaja yamejaa, mafuta meupe yametanda mgongoni.

"Umeona, mke wangu?" Maganga alicheka. "Malisho yaleyale, maji yaleyale, lakini tazama!" Akatoka nje kuzungumza na wafugaji aliokuwa akiwashawishi wauze ng'ombe wao wa kienyeji wanunue wa kisasa.

Nyamizi alibaki na mkaguzi wa nyama. Mkaguzi alipasua mapafu ya yule mdogo, yalikuwa safi. Alipopasua ya yule mkubwa, kisu kilikwaruza kana kwamba kimepita kwenye mchanga. Ndani vinundu vya manjano vilikuwa vimejazana.

Akakiweka kisu chini.

"Mama, hiki ni kifua kikuu cha ng'ombe. Nyumbani mna majike wa aina hii?"

"Tunao. Walikuja pamoja na huyu."

"Mnawakamua?"

"Ndiyo."

"Na maziwa yao, mnachemsha?"

Maganga hupenda kusema kwamba moto unaua utamu wa maziwa. Nyamizi aligeuka kutazama mlangoni. Kule juani Maganga alikuwa amezungukwa na wafugaji, ameshika kibuyu cha maziwa alichotoka nacho nyumbani asubuhi. Alipiga fundo, akafuta povu mdomoni, kisha akampa jirani yake. Jirani akanywa, akatabasamu, akampa aliyefuata.